Siku Niliyokula Chaki Mbele ya Mkaguzi

Jamani, hili jambo nikilikumbuka, hata nikiwa peke yangu chumbani, najifunika khanga usoni kana kwamba kuta nazo zilikuwepo siku ile zikaniona. Mtu mwenye haya kama mimi, ambaye kwenye harusi hukaa nyuma ya masufuria ili nisivutwe kucheza, aibu yangu ikaja kushuhudiwa na darasa la tatu zima, kamati ya shule, mwalimu mkuu, na mkaguzi wa shule aliyetoka Handeni mjini na Landrova! Kuisimulia kwa mdomo siwezi, nimeshajaribu nikaishia kucheka na kulia kwa wakati mmoja, kwa hiyo naiandika, na nyie mtakaoisoma nawaomba mcheke polepole.

Kwanza mjue kwamba mimi nina kisukari. (Hata kuliandika hilo neno mkono bado unasita.) Kilinianza nikiwa kidato cha pili, kwetu Kwamndolwa pale Korogwe, nikawa nakunywa maji kata kwa kata na kiu haiishi, nikakonda mpaka sketi ya shule ikawa inashikiliwa na pini, mama akasema nimerogwa, baba akasema ni minyoo tu hiyo, na daktari ndiye aliyekuja kusema kwamba nitachoma sindano kila asubuhi maisha yangu yote. Alinifundisha mwenyewe kuchemsha bomba la sindano, na kuihifadhi dawa kwenye mtungi mdogo wa maji ili isiharibiwe na joto. Akanishika bega akaniambia, "Binti, ukishachoma lazima ule, na ule kwa wakati. Ukichoma halafu ukakaa na njaa, hii dawa itaimaliza sukari yote mwilini, utatetemeka, utatoka jasho, utachanganyikiwa, na usipopata kitu kitamu upesi unaweza kufa." Sikuyasahau maneno yale. Nilichofanya ni kujifanya kwamba yalikuwa yanamhusu mtu mwingine.

Basi nikamaliza kidato cha nne, na enzi zile kila kijiji cha ujamaa kilikuwa kinajenga shule na walimu hawatoshi, nikapewa mafunzo mafupi nikapelekwa kufundisha kijiji kimoja cha ndani kabisa huko Handeni, kwa majaribio kwanza, mpaka mkaguzi aje anione nikifundisha ndipo nithibitishwe kazini. Kabla sijaondoka mama alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Usimwambie mtu unaumwa. Wakijua watakurudisha, watasema serikali haiwezi kuweka mgonjwa darasani. Nyamaza ufanye kazi yako." Na mimi kazi ile niliitaka, jamani! Wakati naumwa majirani walikuwa wakija kumpa mama pole kama vile nimeshakufa, mbele yangu mwenyewe, wanasema masikini na alikuwa na akili huyu, kwa hiyo kusimama mbele ya watoto nikaitwa Mwalimu Zaina kwangu ilikuwa kama kuwajibu wote bila kufungua mdomo. Ningerudishwa nyumbani nisingekuwa na uso wa kuwaonyesha tena.

Nikanyamaza. Na ningefaulu, nadhani, kama si mwezi wa Ramadhani kuingia.

Kile kijiji ni cha Waislamu karibu wote, mimi mwenyewe ni Mwislamu, na siku ya kwanza ya mfungo mwalimu mkuu, mzee mwenye sauti ya kuamsha kijiji, akasimama mbele ya mstari wa asubuhi akawaambia watoto waliokuwa wanalalamika njaa, "Mnaona aibu? Tazameni walimu wenu, wote wamefunga na wanafanya kazi. Au siyo, Mwalimu Zaina?" Shule nzima ikageuka kunitazama. Sasa pale mtu mwenye akili angesema nitakuja kukueleza ofisini, mzee. Mimi nikatikisa kichwa juu chini. Sikusema hata neno moja, ni kichwa tu, na ndicho kilichoniponza.

Maana tangu siku ile nikawa mfano. Mtoto akisinzia darasani anaambiwa mtazame Mwalimu Zaina. Na nyumbani nilikopanga, kwa Mama Sefu, mke wa mwenyekiti wa kijiji na mjumbe wa kamati ya shule, futari ikiiva nawekewa fungu kubwa kuliko watoto wake mwenyewe, "kula mwanangu, umefunga na jua lote hili," na mimi naumeza ule muhogo wa nazi kama ninaumeza na maganda yake. Mchana nilikuwa nakula kwa kujificha chumbani mwangu. Asubuhi nikichemsha bomba la sindano kwenye kijisufuria moshi unatoka, Mama Sefu anauliza kutoka uani, "Mwalimu, unapika?" nami najibu maji ya kuoga, mama (nilioga sana mwezi ule kwa maneno, kuliko binadamu yeyote wa Handeni). Saa nne wakati wa mapumziko nakimbia nyumbani, nafunga mlango, nakula kiazi cha kuchemsha, maana kiazi hakina kelele. Karanga nilijaribu siku moja, kila nikitafuna nakohoa kufunika sauti, mpaka Mama Sefu akaniletea majani ya mpera nichemshe ya kifua.

Kama akiba ya dharura nilikuwa na kipande cha sukari guru, nimekikata vipande vidogo nikavitia ndani ya kopo la chaki darasani, chini chini, ili nikihisi vibaya nigeuke ubaoni kama natafuta chaki, nijitie kimoja mdomoni. Nilijiona mjanja sana.

Ndipo ikaja siku ya mkaguzi.

Alifika asubuhi bila taarifa, Landrova imejaa vumbi, mtu mrefu mwenye miwani na suti ya Kaunda. Mimi nilikuwa nimeshachoma sindano alfajiri na kula daku pamoja na wenzangu, nikawa nasubiri saa nne yangu kama kawaida. Mwalimu mkuu akaita kamati ya shule, Mama Sefu akaja na akina mama wengine wawili, na mke wa mwalimu mkuu akaanza kumpikia mgeni uji wa maziwa wenye sukari nyingi, kwa kuwa mgeni alikuwa Mkristo na hakufunga. Mwalimu mkuu akamwambia, "Ndugu Mkaguzi, tuanze darasani kwa Mwalimu Zaina, binti hodari sana." Mkaguzi akakataa. Akasema elimu ya kujitegemea haianzii ubaoni, yeye anataka aone walimu na watoto wakiwa shambani kwanza.

Tukaenda shamba la shule kusafisha mabua kabla ya mvua za vuli. Jua la kule mnalijua, linakupiga kichwani kama lina chuki na wewe. Nikapewa jembe, na mkaguzi akasimama karibu yangu akiniuliza maswali, unaonaje maisha ya kijijini, unatumiaje shamba katika kufundisha hesabu, nami nalima na kujibu, nalima na kujibu, saa nne ikapita naiona inapita. Nikajiambia omba ruhusa, Zaina, sema unakwenda msalani. Ulimi haukutaka! Nikawaza ataniona mvivu, nikawaza ataniuliza kwa nini nakimbilia nyumbani, nikawaza bado kidogo tu tutarudi darasani, kopo langu la chaki lipo. Jasho lilinitoka likawa la baridi. Vidole vikaanza kutetemeka kwenye mpini, na nilijua kabisa ni nini, yale maneno ya daktari yalikuwa yananipigia kelele masikioni, lakini nikaendelea kulima na kutabasamu kama mjinga.

Tuliporudi darasani nilikuwa natembea kama mtu anayevuka mto. Mkaguzi akaketi nyuma kwenye dawati dogo magoti yakamfika kidevuni, mwalimu mkuu pembeni yake, kamati ikajipanga ukutani. Somo lilikuwa kugawanya. Nikaandika ubaoni kumi na mbili gawanya kwa nne, nikasikia watoto wakijibu tatu, na mimi mbele ya alama ya jibu nikaandika Kwamndolwa. Wallahi. Niliandika kwetu.

"Mwalimu," akasema Mbwana, mtoto mmoja wa dawati la mbele ambaye hakuwahi kuacha jambo lipite, "hilo siyo jibu."

"Kaa chini, Mbwana."

"Nimekaa, Mwalimu."

Darasa likacheka. Nikajua sasa hali imeshakuwa mbaya, nikageukia ubao, nikaingiza mkono ndani ya kopo nitafute sukari guru, na macho yalikuwa yanaona makopo mawili mawili, nikakamata kipande nikatia mdomoni nikatafuna. Nikaona hakina utamu. Badala ya kujiuliza kwa nini, nikaongeza kingine. Kilikuwa kinavunjika vunjika na kunikaukia kooni, unga unanitoka pembeni mwa midomo, na mimi natafuna tu kwa bidii, nimegeuka kulitazama darasa bila kujua kwamba nimegeuka.

"Mwalimu anakula chaki!" akapiga kelele Mbwana.

Na watoto, mnawajua watoto, hawakuona chaki ila kula. "Kobe! Kobe! Mwalimu kobe!" (ndivyo tunavyomzomea mtu anayekula kwa kujificha mchana wa Ramadhani), wakapiga na madawati, kobe, kobe, mwalimu mkuu akiwa anasema nyamazeni kwa ile sauti yake na hakuna anayemsikia, na kitu cha mwisho nilichokiona nikiwa nimesimama ni miwani ya mkaguzi ikinijia mbio.

Nilianguka lakini sikuzimia kabisa. Na hapo ndipo penye kuogofya, kwa sababu nilikuwa nawasikia wote na sikuweza kutoa neno, ulimi ulikuwa mzito kama si wangu.

"Mpeni maji anywe!" alisema mkaguzi.

"Maji ya nini, Ndugu Mkaguzi, mtoto wa watu amefunga," akajibu mmoja wa akina mama. "Tusimvunjie saumu yake. Mmwagieni kichwani."

"Amefunga na amekula chaki?"

"Hiyo si akili yake. Mashetani hayo."

Wakanimwagia maji kichwani. Nikawa nalia ndani kwa ndani, nataka kusema sukari, nipeni sukari, nakufa, na wao wananilindia saumu ambayo sikuwa nayo! Nilijiona kabisa nimekufa kwa sababu ya kutikisa kichwa, nikamwona mama akiambiwa, nikawaona majirani wakija na pole zao, safari hii kwa haki. Hapo ndipo Mama Sefu alipopiga magoti kando yangu, akanifuta mdomo kwa ncha ya khanga, akautazama ule unga mweupe.

"Mashetani gani yanayokula chaki?" akasema. "Nyie hamjazaa? Mimi mimba ya Sefu nilikula udongo wa ukuta wa jiko mpaka likabaki tundu la kuku kupita. Huyu mtoto ana mimba!"

Watoto wakaacha kupiga madawati. Hata Mbwana.

"Astaghfirullahi," akasema mwalimu mkuu.

"Unamwomba nini Mungu msamaha wakati mtu anakufa hapa? Mwenye mimba akizidiwa halazimiki kufunga. Leteni uji!"

"Uji uliopo ni wa mgeni."

"Mgeni ana mimba? Lete!"

Wakaleta uji wa mkaguzi, Mama Sefu akaniinua kichwa akaniwekea mapajani mwake, akaninywesha kijiko kwa kijiko, na ule utamu ulivyoshuka, jamani, sijui niuelezeje, ilikuwa kama mtu anawasha taa chumba kwa chumba ndani ya nyumba yangu. Nikaanza kuona kopo moja moja. Nikaanza kuona nyuso. Na kadiri akili ilivyokuwa inarudi ndivyo nilivyotamani isirudi, maana niliona watoto wamejazana madirishani, na huko nje habari ilikuwa imeshaondoka, namsikia mwanamke barabarani akimwitia mwenzake, "Eti yule mwalimu mdogo!"

Mkaguzi akavua miwani akamtazama mwalimu mkuu. "Binti hajaolewa?"

"Hajaolewa, Ndugu Mkaguzi."

Macho yote yakamwendea Mwalimu Shabani, mwalimu wa darasa la pili, kapera pekee pale shuleni, aliyekuwa amekuja kuchungulia mlangoni na chaki yake mkononi.

"Mimi?" akasema. "Wallahi mimi hata jina la baba yake silijui! Mimi nakaa ng'ambo ya mto!"

"Kwani huo mto una mamba, hauvukiki?" akauliza Mama Sefu.

Nikafungua mdomo nijitetee, nikatoa kikohozi cha chaki. Mama Sefu akamtuma binti yake akaniletee khanga kavu chumbani, na yule mtoto akarudi na khanga na ndani yake, kwa kuwa ndimo nilimokuwa nimelificha, bomba la sindano. Likaanguka sakafuni, halikuvunjika, likabingirika mpaka kwenye kiatu cha mkaguzi.

Hakuna aliyecheka tena. Mama Sefu aliliokota akalitazama, kisha akanitazama mimi, na mikono yake iliyokuwa imenishika ikalegea. "Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "ulitaka kuitoa?"

Kuambiwa nina mimba nilikuwa nimevumilia, kwa kuwa uoga wangu ulikuwa unanipigia hesabu kwamba mimba ni aibu ya watu wazima na kisukari ni cha kurudishwa nyumbani (mwone mtu huyo, amelala sakafuni na bado anachagua aibu!). Lakini jinsi alivyoniuliza Mama Sefu, sikuweza. Nikasema. Nilisema nikiwa nimelala mapajani mwake nikilia, na nilisema yote, kisukari, sindano za asubuhi, viazi vya chumbani, maji ya kuoga ambayo hayakuwa ya kuoga, na kwamba sijafunga hata siku moja na daktari ndiye aliyenikataza.

"Kisukari?" akasema mkaguzi. "Kile cha wazee wenye vitambi?"

"Chenyewe, shikamoo," nikamjibu. (Sijui shikamoo ilitoka wapi.)

Hakuamini. Nikamnong'oneza Mama Sefu anisogezee nguo begani, akaangalia ule mkono wenye alama za sindano, mpya na kuukuu, akaziba mdomo. "Ni kweli," akawaambia wenzake. Kisha akaniuliza kama mtu aliyenyimwa kitu, "Kwa hiyo hakuna mtoto?"

"Hakuna, mama."

"Alhamdulillahi!" akasema Mwalimu Shabani mlangoni, kwa nguvu kuliko mtu yeyote.

Mwalimu mkuu yeye akanisogelea. Nilitegemea afoke, na kufoka kungekuwa nafuu, lakini aliniambia taratibu kabisa, "Nimekuwa nikikusifu mbele ya watoto, Mwalimu. Na ungekufa mbele yao." Nikatamani sakafu ipasuke. Nikamgeukia mkaguzi nikamuuliza kama ananirudisha Korogwe, nikamwomba anirudishe jioni watu wakiwa ndani wanafuturu.

Mkaguzi alikuwa anajipangusa vumbi la chaki magotini. "Mimi nilikuja kukagua somo," akasema, "na somo sijaliona. Siwezi kumthibitisha mtu aliyelala sakafuni, na siwezi kumfukuza mtu ambaye sijamwona akifundisha. Nitarudi baada ya Idi. Mwalimu Mkuu, huyu ale. Ale hadharani, kila siku, watoto wamwone na wazoee." Akavaa miwani, akaulizia kwa aibu kidogo kama kwenye sufuria kumebaki uji. Haukubaki.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko ile, siwafichi. Mama Sefu alinitoa kwenye viazi vya kujificha akawa ananiletea bakuli mwenyewe saa nne, hadi barazani pa shule, nami nakula mbele ya watoto waliofunga, kila tonge naliona kama linapigiwa ngoma. Wengine walitazama pembeni kwa heshima. Mbwana hakutazama pembeni, alikuja karibu akahesabu, kisha akaenda kuwatangazia wenzake kwamba Mwalimu kamaliza vyote. Wazazi wachache walinong'ona. Bibi mmoja hakunijibu salamu mpaka Idi, na Idi yenyewe ndiye aliyeniletea vitumbua, akakaa pale pale akinitazama nisile zaidi ya kimoja.

Mkaguzi alirudi kama alivyosema. Alipokaa kwenye lile dawati dogo moyo ulinienda mbio mpaka nikadhani ni sukari, kumbe ni woga tu, na kabla sijashika chaki akaniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, umekula?" Sikuwahi kujibu. Darasa zima likapiga kelele, "Amekulaaa!" Nikafundisha kugawanya, majibu yakatoka tarakimu, na nikathibitishwa.

Tangu hapo nimejiwekea nadhiri: popote nitakapopelekwa kazi, sitatua sanduku langu chini kabla sijasema ninaumwa nini. Naitekeleza kweli, labda kupita kiasi. Juzi alitokea mzee mgeni pale barazani, kavaa kanzu safi na mkoba mkononi, nikajua huyu ni mkubwa fulani kutoka wilayani, nikamkimbilia, nikavuta pumzi, nikamwambia kwa mfululizo kwamba mimi naitwa Mwalimu Zaina, nina kisukari, nachoma sindano kila asubuhi, nakula saa nne, na akiniona natetemeka anipe kitu kitamu asinimwagie maji.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu sana.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa nauliza tu basi la Korogwe linasimama wapi."